Sukari Niliyoificha Jabalini

Kiondo cha mama kimekaa juu ya meza ya jikoni tangu juzi, mdomo wazi. Mama mkubwa Nduku, dada yake mama, amefariki, na mama anasafiri kwenda Machakos kumzika. Mimi nabaki hapa Laurel, jimbo la Maryland, Amerika. Nimemaliza chuo hivi karibuni, sina kazi, na wiki ijayo nina usaili ambao mama amekataa katakata niukose. Nimeshaufikiria usaili huo kwa kila namna: nitavaa nini, nitajibu nini, nitafanyaje nikipiga chafya wakati wa kupeana mikono. Mama aliniona nikizunguka nyumba, akanionea huruma, akanipa kazi ya mikono.

"Kipanguse hicho kiondo," akasema. "Halafu uweke sukari na majani ya chai."

Nilipotia mkono chini kabisa, vidole vikagusa kijitawi kikavu. Nikakinusa. Harufu ilikuwa imefifia sana, harufu ya mti wa mwerezi, moshi na vumbi lililonyeshewa, lakini ilitosha kuniketisha kwenye kiti. Nilikuwa na miaka minane tena, na mbele yangu palikuwa na mkate wa moto ambao nilikuwa nimeapa kutoula.

Wengi wetu wa rika langu, tuliokulia huku Laurel, Columbia na Gaithersburg, tuna miaka fulani ambayo wazazi wetu walikuwa sauti tu ndani ya simu. Yangu ilikuwa mitatu. Nilikuwa na miaka minne siku ambayo mama alinivalisha sweta, akatia kwenye kiondo sukari na majani ya chai, akanipeleka kwa dada yake. Kwetu huingii nyumba ya mtu mikono mitupu, hata kama ni ya dada yako. Nilimuuliza tunaenda wapi, akaniambia, "Mbali kidogo. Utapapenda." Mama mkubwa aliipokea ile sukari, akaipeleka jikoni, akaniketisha karibu na meko na kunipa andazi la moto. Nililila polepole kwa sababu lilikuwa tamu. Nilipolimaliza, mama hakuwepo.

Hakuna aliyeniaga. Watu wazima walikuwa wamekubaliana kwamba mtoto haagwi, kwa sababu ukimuaga atalia, na msafiri hapaswi kusindikizwa na kilio. Siwalaumu. Wazazi wengi walifanya hivyo, na walifanya kwa huruma. Lakini mtoto wa miaka minne hutunga sheria zake. Yangu ilikuwa hii: sukari ikiingia jikoni mwa mtu, na andazi likaisha, mama anatoweka.

Kwa miaka mitatu mama alikuwa sauti iliyokatika katikati ya sentensi kadi yake ya simu ilipokwisha. Halafu karatasi za uhamiaji zikakubaliwa, nikaletwa Maryland, nikamkuta mwanamke mwembamba kuliko sauti yake. Aliniita "mwaitu", yaani mama yetu kwa Kikamba, kwa kuwa nimepewa jina la mama yake. Nilimpenda kwa uangalifu, kama mtu aliyeazimwa kitu cha thamani.

Alikuwa na kazi mbili, zote za kuwahudumia wazee, moja Columbia na nyingine ya mwishoni mwa wiki. Nikitoka shule, na mwishoni mwa wiki, nilikaa kwa jirani yetu, Maman Furaha, aliyetoka Bukavu. Mama alipokuja kunichukua, Maman Furaha alimpa taarifa ileile kila siku: "Mutoto hakukula kitu. Anaangaliaka tu mulango." Kisha mume wa Maman Furaha akapata kazi jimbo jingine, wakahama. Siku chache baadaye nilimsikia mama jikoni akiongea na mama mkubwa kwa simu. Alikuwa amenipa mgongo.

"Dada, nikikosa mtu wa kukaa naye, itabidi nimrudishe," alisema.

Sikusikia kilichofuata. Nilirudi chumbani na kukunja nguo zangu zote vizuri, ili nionekane mtoto asiye na usumbufu.

Sasa, kanisa letu lilikuwa linakodi ukumbi wa shule, na wazee wa kanisa walitaka kununua vyombo vya muziki. Wakauza tiketi za bahati nasibu. Mchungaji, asije akaonekana anachezesha kamari, aliziita tiketi za baraka. Zawadi ya pili ilikuwa televisheni kubwa, na kila mtu aliiombea hiyo. Zawadi ya kwanza ilikuwa safari ya watu wawili hadi New Mexico, kwa ndege, pamoja na siku nzima ya kutembezwa na mwongozaji katika nyanda za juu za jangwa, kuona makazi ya kale na vijiji vya wenyeji. Mama akashinda ya kwanza. Mama Kioko akashinda televisheni.

"Mama Kioko, tubadilishane," mama alimnong'oneza watu wakiwa bado wanapiga makofi. "Watoto wako watafurahi kusafiri."

"Watoto wanne, tiketi mbili! Nimchague nani, nimwache nani?" Mama Kioko alilikumbatia boksi lake. "Halafu jangwa? Mimi nimezaliwa Kitui, dada. Jangwa nimeshaliona. Nenda ukatusalimie."

Watu walicheka mpaka mama naye akacheka. Mimi nilishika maneno mawili tu: nimwache nani.

Usiku wa kuamkia safari, mama alisoma karatasi ya maelezo kwa sauti, akasimama kwenye sentensi moja. Ilisema kwamba mchana wageni watakaribishwa nyumbani kwa mama mmoja anayeoka mikate. "Tunakaribishwa nyumbani kwa mtu," alirudia, na kwake suala likawa limekwisha. Kampuni ya utalii ilikuwa inazungumzia kituo cha nusu saa. Mama alikuwa anazungumzia ugeni. Akateremsha kiondo kutoka juu ya kabati. Akatia majani ya chai, akatia pakiti ya sukari, halafu juu yake akakunja sweta langu.

Nilisimama mlangoni nikitazama.

"Tunaenda wapi?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Mbali kidogo, mwaitu. Utapapenda."

Ndani ya ndege sikulala. Tulipotua na kutoka nje, niliona udongo mwekundu, vichaka vifupi vya miiba, vilima vikavu na anga kubwa lisilo na wingu hata moja. Kulikuwa na nyumba za udongo. Mimi niliyekuwa nimepanda ndege mara moja tu maishani, kutoka Kenya kuja Amerika, nilifanya hesabu rahisi. Ndege inatoka kule inakuja huku, na ndege inatoka huku inarudi kule. Tulikuwa tumerudi. Na kama nilikuwa na shaka, mama mwenyewe aliiondoa. Alisimama kando ya barabara, akafumba macho, akavuta hewa.

"Haki ya Mungu," alisema. "Si hapa ni Mwala kabisa!"

Mwala ndiko alikoishi mama mkubwa.

Mwongozaji wetu aliitwa Leo. Alikuwa mzee mfupi wa wenyeji wa huko, mwenye msuko mmoja mrefu chini ya kofia. Gari lake lilikuwa dogo, na mbali na sisi lilibeba wazee wanne wa Kizungu waliopakwa mafuta ya jua mpaka wakang'aa. Leo alimwuliza kila mtu alikotoka.

"Maryland," mama akajibu.

"Na kabla ya Maryland?"

"Kenya. Machakos."

"Mimi natoka pale," Leo akasema, akielekeza kidevu kwenye mlima uliokuwa bapa juu kama umekatwa kichwa. "Na kabla ya pale, palepale."

Mama alicheka sana, akampenda tangu hapo. Njia nzima walilinganisha. Leo akionyesha mmea wa dawa ya tumbo, mama anasema kwetu pia upo unaofanana nao. Leo akieleza jinsi bibi yake alivyochota maji mtoni, mama anaeleza jinsi wao walivyochimba mchanga wa mto mkavu mpaka maji yakajaa kata. Barabara ilipanda. Masikio yaliziba, pua yangu ilikauka mpaka ikatoka damu kidogo, na mama akaipangusa kwa ncha ya leso aliyojifunga kiunoni. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona Laurel. Niliielewa vibaya. Nilidhani ni furaha ya mtu anayekaribia kuutua mzigo.

Tulifika kwenye jabali refu la rangi ya mkate, lililotobolewa vyumba vidogo vingi, na ngazi za miti zikipanda hadi kwenye milango yake. Leo alitukusanya kivulini.

"Humu waliishi watu," alisema. "Dari bado lina masizi ya kupikia. Vitabu vingine husema watu hao walitoweka. Hawakutoweka. Walihama, wakateremka mtoni. Mimi ni mjukuu wao, na magoti yangu yanawalaumu kwa hizi ngazi." Kisha akaacha kutania. "Hapa ni nyumbani kwao bado. Msichukue kitu. Msiache kitu."

Nilitazama chumba kimoja kilichokuwa kidogo kuliko vyote, nikajiuliza walipohama walimwacha nani humo.

Mama aliogopa ngazi. Aliketi chini kwenye benchi, kiondo kando yake, akitupiga picha kwa kamera ya kutumia mara moja. Alipogeuka kumpiga picha mmoja wa wale wazee, nilitoa sweta langu, lililokuwa na kofia na mfuko mkubwa tumboni, nikalivaa. Kisha nikaitoa pakiti ya sukari nikaisukumiza mfukoni. Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu uwanja wa ndege. Bila sukari, hakuna makabidhiano. Mama angefika kwa hao watu mikono mitupu, angeona aibu, tungegeuza.

Kupanda ngazi na kilo mbili tumboni si mchezo. Kona ya pakiti ilichanika kwenye kidato, nikasikia chembe zikimwagika mfukoni. Niliingia kwenye kile chumba kidogo. Mlikuwa na ubaridi na harufu ya jivu la kale sana. Pembeni palikuwa na shimo ukutani, nikaitia sukari humo na kuisukuma mpaka mkono ukazama hadi kwapani. Nikawaomba radhi wenye nyumba kwa Kikamba, kwa kuwa nilidhani watakielewa.

Jambo hilo limenikosesha amani kwa miaka mingi. Nikiwa sekondari niliwaza kuhusu sisimizi. Chuoni niliwaza kuhusu wataalamu watakaoifukua siku moja na kuandika kwamba watu wa kale walikula sukari ya dukani. Nimewahi kutafuta mtandaoni adhabu ya kosa hilo, nikaifunga kompyuta kabla ya jibu kutokea.

Kutoka jabalini tuliteremka hadi kijiji cha nyumba za udongo zilizoshikana. Leo alikuwa ameshatuonya kwamba ni makazi ya watu, tusichungulie madirisha wala kupiga picha ya mtu bila ruhusa. Mwenyeji wetu aliitwa Bi Adela, mama mnene mwenye aproni na mikono yenye unga hadi viwikoni. Nje ya nyumba yake kulikuwa na tanuri la udongo lenye umbo la mzinga wa nyuki, na moshi wake ulikuwa wa mwerezi. Wale wazee walienda moja kwa moja kwenye meza ya mikate. Mama alisimama mlangoni akisubiri kukaribishwa. Alipokaribishwa, aliinama kidogo, akafungua kiondo.

"Tumekuletea kitu kidogo," alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu. Akatoa majani ya chai kwa mikono miwili. Akarudisha mkono ndani. Akatafuta. Akatafuta tena.

"Nilikuwa na sukari," alisema. Akanigeukia. "Mwaitu, umeiona sukari?"

"No," nikajibu.

Nadhani siku hiyo ndipo nilipoanza kumjibu mama kwa Kiingereza. Uongo ulipita kooni kwa urahisi zaidi.

Uso wa mama ulibadilika. Kumpa mtu majani ya chai bila sukari ni kumpelekea nusu ya zawadi, na mama alisimama pale na nusu yake mkononi mbele ya watu. Leo alijaribu kumsaidia. "Usijali, mama. Ziara imeshalipiwa, hudaiwi kitu."

"Najua imelipiwa," mama akasema. "Lakini hapa ni nyumbani kwake."

Bi Adela alimtazama kidogo. Kisha akaipokea ile chai, naye kwa mikono miwili, akainusa. "Daktari wangu atakushukuru," alisema. "Amenikataza sukari. Kila siku anauliza nani ananiletea." Akacheka kicheko cha tumboni, na mama akacheka kwa ahueni. Bi Adela akaiweka chai kwenye rafu, kando ya picha za watoto wake waliovaa majoho ya kuhitimu.

Nilikufa moyo. Zawadi ilikuwa imepokelewa. Hata bila sukari, ilikuwa imeingia ndani.

"Kaa hapa na Bi Adela," mama aliniambia. "Nachukua kamera kwenye gari."

Bi Adela akaniketisha karibu na tanuri. Akavunja kipande cha mkate uliotoka motoni sasa hivi, akakiweka kwenye kiganja changu. "Kula, mtoto," alisema. "Wa moto ndio mtamu."

Ulikuwa unanukia kuliko kitu chochote nilichowahi kushika. Mate yalinijaa. Sikuula. Nilijua kazi ya mkate ule. Nilikaa nao mkononi nikihesabu mipasuko ya ukuta, nikiamini kwamba maadamu sijaumaliza, mama hajaondoka. Nje ya ua, Leo akawasha gari. Baadaye nilikuja kujua kwamba alikuwa analigeuza tu lielekee barabarani. Nilisikia injini, nikainuka.

Nilitoka mbio kupitia ua hadi kichochoroni, mkate juu kama tiketi.

"Sijala!" nilipiga kelele, sasa kwa Kiswahili. "Mama! Sijala bado! Ona! Sijala!"

Mama alikuwa amesimama kando ya gari na kamera yake. Watu wote waligeuka. Leo akazima injini. Bi Adela alitokea nyuma yangu akiuliza kama nimeungua. Mama alinitazama usoni, kisha akautazama ule mkate. Aliutazama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Sikujua alikuwa anasoma nini. Kisha akaketi chini palepale, kwenye vumbi, na sketi yake nzuri ya kanisani, akanivuta mapajani. Akaumega mkate vipande viwili. Akala nusu yake kwanza, polepole, mbele ya macho yangu. Kisha akasubiri nile yangu. Nilipomeza tonge la mwisho alikuwa bado yupo.

Hakuuliza kitu, wala mimi sikusema. Tulipoondoka, Bi Adela alikuwa amejaza kiondo mikate mitatu na kijitawi cha mwerezi juu yake. "Umeona?" mama alininong'oneza. "Nao hawarudishi kiondo kitupu." Kwenye gari nilijifunga ncha ya leso yake kwenye kifundo cha mkono, mafundo mawili. Nilipoamka, jua lilikuwa linazama, Leo alikuwa anaimba polepole, na mafundo yalikuwa matatu.

Mwezi uliofuata mama aliacha kazi ya mwishoni mwa wiki. Tulikula maharage mara nyingi, na televisheni yetu iliendelea kupigwa ubavuni ndipo ionyeshe picha. Na ndipo ikaanza ile tabia ambayo rafiki zangu waliicheka miaka yote ya sekondari. Mama alikuwa haondoki bila kutangaza. Anaenda kazini, anaacha karatasi kwenye friji: nitarudi saa kumi na mbili na robo. Anaenda kutoa takataka, anapaza sauti: natoka, dakika mbili. Hata akiingia bafuni alibisha mlango wangu kuniarifu. Nikiwa chuoni alinipigia kuniambia anaenda sokoni, ingawa mimi nilikuwa mji mwingine kabisa, kana kwamba ningemtafuta. Niliamini ni woga wake tu, na kwamba mimi nimeurithi.

Jana jioni aliingia jikoni akanikuta bado nimeshika kile kijitawi. Kwenye friji kulikuwa na karatasi mpya: tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, saa ya kutua, kwa herufi kubwa, kwa ajili ya mtu mzima mwenye shahada.

"Sukari umeweka?" aliuliza.

"Nimeweka."

Alifungua kiondo, akachungulia, akanitazama kwa pembe ya jicho. "Safari hii sitaikosa nikifika?"

Alivuta kiti, akaketi.

"Ulijua," nikasema.

"Sweta lako lilikuwa linanata, mwaitu. Niligeuza mfuko ndani nje, nikamwaga sukari kwenye sinki mpaka nikachoka." Alikichukua kijitawi, akakinusa, akakirudisha chini ya kiondo. "Uliiacha wapi?"

"Jabalini. Kwenye chumba kile kidogo."

"Ai! Na Leo alivyotuomba!" Alicheka mpaka akafuta macho kwa leso, na sikuweza kujua ni wapi kicheko kiliishia na dada yake akaanzia. Nilingoja atulie. Kuna swali nililokuwa nimelizungusha kichwani miaka kumi na minne.

"Mama, ulitaka kunirudisha kweli?"

"Nilifikiria," alisema. "Wiki nzima nilifikiria. Sikuwa na mtu."

"Na siku ile, na ule mkate. Ulielewa?"

"Nduku aliwahi kuniambia kwa simu kwamba tangu nilipokuacha, ulikuwa huli andazi. Sikujua kwa nini. Siku ile nikajua."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini, mwaitu?" Aliinuka, akanyoosha karatasi ya kwenye friji iliyokuwa imekaa upande. "Nikaanza kukuaga."